Kilo Nane

Tiketi ya bei ya chini, amesema Kanyere,
haina mzigo wa tumboni mwa ndege.
Kivalizi kimoja tu, mama, cha kushika mkononi,
kilo nane, wala usibishane nao.
Huku ni msimu wa jua, usibebe masweta.
Huku kuna kila kitu.

Kila kitu! Nikasonya kimyakimya,
simu ingali sikioni.

Habari ikaenea Ndosho kabla sijakata.
Mama Sifa kaleta jibini ya Masisi, vipande viwili,
duara kama magurudumu ya chukudu,
kwa mdogo wake wa Namur, "ni karibu tu na huko".
Shemeji kaleta sambaza zilizokaushwa,
kazifunga mara nne, na bado zinanuka ziwa zima.
Mwalimu wa kwaya, bahasha. Haina uzito, akasema.
Ndani mna kitabu cha nyimbo chenye jalada gumu.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
lakini usufi huo nimepewa mimi,
na mabega ni haya haya.

Jioni nikaenda kwa Hangi muuza mbatata.
Akakining'iniza kivalizi kwenye mizani yake ya ndoano.
Kumi na mbili na nusu.
Akapuliza vumbi, akaigonga kwa kidole.
Kumi na mbili na nusu, mama. Mizani haina undugu.

Nikacheka. Mimi, nishindwe kufunga mzigo?
Mimi niliyefunga nyumba nzima
maharage yakiwa hayajapata hata povu,
Januari ile, mlima ulipopasuka ubavu
na barabara ikaanza kutembea yenyewe?
Hakuna aliyetupimia kilo.
Nilibeba cheti cha ubatizo, chumvi,
kiatu changu kimoja na kimoja cha baba yake,
Kanyere mgongoni,
na kifuniko cha sufuria.
Sufuria yenyewe ilibaki mekoni na maharage yake.
Sasa iko chini ya jiwe,
na juu ya jiwe mtu amejenga duka la rangi.
Njia nzima hadi Gisenyi mtoto alikishika kile kifuniko
juu ya vichwa vyetu viwili,
majivu yakidondoka ti, ti, ti,
kama mvua isiyojua kulowesha.

Haraka huchagua vibaya, lakini huchagua.
Safari hii nimepewa wiki mbili,
na kila usiku natoa kitenge, narudisha kitenge,
natoa jibini, namwona Mama Sifa, narudisha jibini,
naketi kitandani kama mgeni.

Jana amepiga tena.
Usilete kitu, mama.
Kisha kimya. Nyuma yake mtoto analia,
mjukuu ninayemjua kwa kioo cha simu tu.
Kisha: kile kifuniko, bado unacho?

Nimekipima kwa Hangi: gramu mia tatu na ushee.
Nimekijaribu kwenye kivalizi: hakiingii,
si kwa ubapa, si kwa wima,
hata nikitoa vyote nikaacha zipu peke yake.
Kitabu nimemrudishia mwalimu; Wazungu waimbe kwa kichwa.
Jibini moja tumeila palepale, mimi na Hangi,
kwa mbatata za moto zenye maganda.
Mungu atanisamehe. Mama Sifa, sijui.

Kesho alfajiri navuka kizuizi kwa miguu,
basi hadi Kigali, halafu hewani.
Vitenge vitatu mwilini, kimoja juu ya kingine,
nimenenepa ghafla kama mke wa mbunge.
Cha nne nimekifunga mgongoni,
fundo kifuani, kama zamani,
na ndani yake kifuniko,
baridi yake kwenye uti wa mgongo.

Wakiniuliza uwanjani kama huo nao ni mzigo,
nitageuka polepole,
niwaonyeshe kimelala.